Nimepangiwa Kakonko, bosi wangu wa maabara binafsi anataka nibaki. Wapi nitafika mbali?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 31 na stashahada ya maabara ya tiba. Kwa miaka mitano nimefanya kazi kwenye maabara binafsi moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nalipwa laki nne na nusu. Juzi majina ya ajira za afya yametoka, nami nimepangiwa kituo cha afya wilayani Kakonko kama Mteknolojia wa Maabara Daraja la II. Bosi wangu aliposikia akaniita, akasema nikibaki ananipa cheo cha mkuu wa maabara na mshahara wa laki saba. Mume wangu ana duka Ujiji na watoto wetu wawili wanasoma hapahapa. Mama mkwe anasema serikali ni serikali, nisifikirie mara mbili. Lakini wenzangu waliotangulia serikalini wananiambia wamekaa daraja moja miaka nenda miaka rudi. Mimi nataka kukua kikazi, siyo mshahara tu. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Watu wengi wanaomba nafasi hizo mwaka baada ya mwaka majina yao yasitoke.

Msimamo wangu nakupa mapema ili usisome huku roho juu: nenda Kakonko. Ila sababu zangu si za mama mkwe wako, na wenzako wanaolalamika hawasemi uongo. Nimefanya kazi pande zote mbili, nikaona watu wakipanda na wengine wakikwama huku na huku.

Tuanze na bosi wako. Jana ulikuwa mtu wa laki nne na nusu, leo ni wa laki saba. Hiyo laki mbili na nusu ilikuwa wapi miaka mitano yote? Simlaumu, mfanyabiashara hulipa pale anapobanwa, lakini usiichukulie kama mpango alioufikiria juu yako. Ni bei ya kukuzuia wiki hii. Mwaka ujao, ukiwa huna barua ya Kakonko mkononi, utakuwa na nguvu gani ya kudai nyongeza nyingine?

Halafu kiangalie hicho cheo. Mkuu wa maabara yenye watu wangapi? Maabara nyingi binafsi za Kigoma mjini zina wataalamu wawili au watatu, pengine na binti wa mapokezi. Mkuu wa hapo ndiye anayeagiza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ndiye anayepigiwa simu na daktari anayebisha majibu, ndiye anayegombana na fundi wa mashine, na bado yuko benchi anatoa damu na kupima choo kama wewe unavyofanya sasa. Si kazi ya kudharau, inamkomaza mtu. Lakini baada ya hapo unapanda kwenda wapi? Juu yako kuna mwenye maabara tu, naye hiyo nafasi hakuachii. Asipofungua tawi Kasulu au Kibondo, umefika mwisho ukiwa na miaka 31.

Jambo jingine ulilokaa nalo kimya ni mkataba. Unao wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda hata kwenye maabara ndogo: likizo ya siku 28 kwa mwaka, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, pale mwajiri anapokuachisha bila kosa lako. Na kabla hujaamua chochote, kachukue taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Nimekutana na wataalamu waliokatwa kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara huku kule kwenye mfuko kukiwa na michango ya miezi ya kuhesabu, au mshahara ulioandikwa si ule waliokuwa wanapokea. Ukikuta tundu, lidai sasa hivi, bosi akiwa bado anakubembeleza.

Sasa serikalini. Huko hupandi kwa sababu umekuwa hodari. Unapanda kwa sababu muda umetimia, karatasi zako ziko sawa, na fedha ya nafasi yako imetengwa. Vitu hivyo vitatu vikikutana, unapanda hata kama mkuu wako wa kituo hakupendi. Kimoja kikikosekana, unakaa hata ukiwa ndiye mtaalamu bora wilaya nzima. Anayeingia serikalini bila kulijua hili ndiye anayekuja kulia baadaye.

Kada yako ina muundo wake wa maendeleo ya utumishi. Unaanza Daraja la II, ambalo kwa stashahada liko kwenye TGHS B, ngazi ya mishahara ya watumishi wa afya, unakwenda Daraja la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu. Kila hatua ina muda wake wa kukaa na inadai utendaji ulioandikwa. Zamani utendaji ulijazwa kwenye fomu za OPRAS, ambazo wengi walizijaza usiku mmoja mwisho wa mwaka kwa kunakili za jirani. Siku hizi ni PEPMIS, mfumo wa kompyuta, na hauna huruma hiyo. Unaweka malengo, unaingiza kazi ulizofanya, msimamizi anathibitisha, na alama zinabaki humo. Vituoni kuna watu wanaona hiyo kazi ni usumbufu wa mtandao tu, hasa pale ambapo intaneti inakuja na kuondoka. Usiwe mmoja wao. Ukishindwa kuingia ukiwa kituoni, panda bodaboda uende makao makuu ya halmashauri ukaingize huko.

Wenzako waliokwama, wengi wao walikwama kwa sababu moja kubwa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi na vyeti vyao. Aprili 2017 ikatangazwa kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliokuwa wasafi nao walisubiri, na kusubiri huko kuliwala miaka. Baadaye ndipo ikaja ile inayoitwa kupanda kwa mserereko, kuwasogeza waliochelewa ili wawakute wenzao. Kwa hiyo anayekuambia alikaa daraja moja muda mrefu anaweza kuwa anasema kweli tupu. Anachoacha kukuambia ni kwamba katika kipindi hichohicho mshahara uliingia kila mwezi, na mwaka wake wa kuajiriwa haukufutika kwenye jalada.

Ila si kila aliyekwama alikwamishwa na uhakiki. Wapo ambao hawakuthibitishwa kazini kwa sababu baada ya mwaka wa majaribio hakuna aliyeandika barua, wala wao hawakuuliza. Wapo ambao jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la kitambulisho cha NIDA. Wapo waliohama kituo na jalada likabaki walikotoka. Ofisi ya utumishi ya halmashauri inashughulikia walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na maafisa ugani kwa pamoja, na mteknolojia mmoja wa maabara ni rahisi sana kusahaulika. Nunua faili lako mwenyewe. Barua ya ajira, ya kuripoti, ya kuthibitishwa, kila tathmini, weka nakala. Bajeti ya madaraja inapoandaliwa, nenda ukaulize kwa adabu kama jina lako limo. Usingoje orodha itoke ndipo ushtuke.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe, ambalo naona hata wewe hukuligusa kwenye swali. Dari lako si Kakonko wala Mwanga, dari lako ni stashahada.

Ukibaki na stashahada, serikalini utapanda ndani ya kada yako mpaka pale kada inapoishia, na binafsi utakuwa mkuu wa maabara ndogo. Nafasi za uratibu wa maabara wa mkoa, usimamizi wa maabara za hospitali kubwa, ukaguzi wa ubora, kazi za maana kwenye utafiti, zote siku hizi zinauliza shahada kwanza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni upande upi utakaonifikisha kwenye shahada nikiwa bado nakula na watoto wangu wanasoma?

Mtumishi wa umma aliyethibitishwa, akaingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wake na kupata kibali, anakwenda masomoni huku mshahara ukiendelea kuingia na nafasi yake ikimsubiri. Ada huenda ukajilipia, halmashauri nyingi hazina fedha hiyo, lakini mshahara tu unatosha kubadilisha hesabu. Mwulize bosi wako kama atakulipa laki saba kila mwezi kwa miaka yote utakayokaa Mwanza ukisoma. Uliza tu, uone sura yake.

Kwa upande wa Kigoma chuo cha karibu chenye shahada ya sayansi za maabara ya tiba ni CUHAS, pale Bugando, Mwanza. Vipo pia MUHAS Dar es Salaam na KCMC Moshi. Kwa mwenye stashahada wanaangalia GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kwenda juu pamoja na masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Kitoe cheti chako leo ukitazame. Kama GPA yako iko chini ya hapo, sehemu kubwa ya ushauri wangu inabadilika, na uniandikie tena.

Lakini kuna mtego hapa ambao umewauma wengi, na sioni ukisemwa vya kutosha. Ukirudi na shahada, hupandishwi, unabadilishwa kada. Na ukibadilishwa kada unaanzia daraja la kuingilia la kada mpya. Kama mshahara uliokuwa nao umeshaupita wa daraja hilo, hawakushushi, unabaki nao kama mshahara binafsi mpaka ngazi mpya ikukute. Maana yake ni kwamba aliyekwenda kusoma akiwa tayari Mwandamizi anarudi kuwa Daraja la II miongoni mwa vijana waliotoka chuo moja kwa moja, na kwa miaka kadhaa haoni mshahara ukisogea. Aliyekwenda mapema, akiwa bado Daraja la II, hapotezi karibu chochote. Ndiyo maana nakuambia ukienda Kakonko uende na tarehe ya masomo kichwani. Thibitishwa, ingia kwenye mpango wa mafunzo mwaka unaofuata, ondoka. Ukikaa ukingoja kwanza upande vyeo ndipo usome, utajikuta unasoma ili uanze upya.

Na usisome kwa kujificha. Wapo wanaojiandikisha chuo kimyakimya, wanabadilishana zamu, wanaomba ruhusa za misiba isiyokuwepo, wakimaliza wanapeleka cheti ofisini. Bila kibali, ofisi inaweza kukataa kukubadilishia kada, na umebaki na shahada ya kuweka ukutani. Pia kumbuka kwamba utoro kazini wa siku tano unatosha kukufukuzisha.

Sasa haki ya upande wa pili, maana nisingependa uondoke Mwanga ukidhani maabara binafsi ni mahali pa walioshindwa. Kiufundi utashuka kwa muda. Huko mjini, naamini, umezoea mashine ya FBP, ya kuhesabu chembe za damu, mashine ya kemia, pengine na homoni. Kwenye kituo cha afya kazi kubwa itakuwa darubini, vipimo vya haraka vya malaria na VVU, mkojo, wingi wa damu, makundi ya damu, makohozi ya kifua kikuu ya kupeleka kwenye mashine ya GeneXpert. Kuna siku kitendanishi kitakosekana na mgonjwa utamwandikia aende akapime kwingine, huku ukijua jibu ungeweza kulitoa mwenyewe kwa dakika kumi. Hilo linachosha kuliko wingi wa wagonjwa. Niliwahi kuwa na mwenzangu Tabora aliyetoka maabara nzuri ya binafsi, mkono wake ukafa kwa miaka aliyokaa kituoni kwa sababu hakutafuta mafunzo hata mara moja. Dawa yake ni kujipenyeza: omba kwa mratibu wa maabara wa wilaya uende zamu za hospitali ya wilaya, jitolee kusimamia sampuli za udhibiti ubora wa nje, zile zinazoletwa kupima usahihi wa maabara yenu, na mafunzo ya kuinua ubora wa maabara (SLIPTA) yakitangazwa uwe wa kwanza kuinua mkono. Mteknolojia anayeandika vizuri taratibu za kazi na anayejaza kontroo, vipimo vya kuhakiki mashine, kila asubuhi bila kusukumwa ni adimu. Wanaotoka juu kukagua wanamwona haraka.

Kama ofa ingetoka kwenye maabara yenye ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, au hospitali kubwa ya dini kama Nkinga kule Igunga, ningekuambia tulia tufikirie. Huko binafsi kuna njia ndefu ya kweli: benchi, kisha afisa ubora, kisha meneja wa maabara. Wengine wanachukuliwa na kampuni zinazouza mashine, wanazunguka nchi nzima kufunga na kufundisha, na wanalipwa vizuri kuliko yeyote wa halmashauri. Hiyo ndiyo sehemu ambapo binafsi inaipiga serikali bila ubishi: ukiwa na ujuzi ambao wengine hawana, hakuna anayekuambia subiri miaka. Lakini njia hiyo inapita Dar es Salaam, Mwanza, Arusha. Haipiti kwenye chumba kimoja cha Mwanga, hata kiwe kisafi namna gani.

Miradi nayo, kwa sababu nyie wa Kigoma mna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na lazima kuna rafiki atakayekushawishi. Inalipa vizuri ikiwepo. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi ya afya nchini walijikuta nyumbani ndani ya wiki. Mradi uchukulie kama mvua ya vuli, ipande ikinyesha ila usijenge ghala.

Kuna hoja nyingine iliyonipeleka upande wa Kakonko. Milango hii miwili haifunguki sawa. Ukiwa serikalini, maabara binafsi itakupokea wakati wowote, uwe na miaka 35 au 50. Ukiwa binafsi, matangazo ya ajira za serikali yanataka usizidi miaka 45, usaili umejaa vijana wenye alama mpya kutoka chuoni, na nafasi uliyoiacha haikungoji. Ukiingia ukatoka, kurudi kunahitaji kibali na maelezo. Kwa hiyo aliye na barua mkononi, tena ana miaka 31, anaanza na mlango mgumu. Wa rahisi ataukuta.

Kuhusu mafao, watu wanabishana bure. Pande zote mbili mchango ni asilimia 20 ya mshahara. NSSF kwa kawaida wewe unakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10, PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wewe unakatwa 5 na mwajiri anaweka 15. Kwa laki saba, hiyo ni tofauti ya elfu 35 inayobaki mfukoni mwako kila mwezi. Miaka yako mitano ya NSSF haipotei, sheria inaruhusu vipindi vya mifuko miwili kujumlishwa kutafuta ile miezi 180 ya kustahili pensheni. Ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha michango hiyo ilipelekwa kweli.

Mume na watoto ni lenu wawili, sitajifanya nalijua kuliko nyie. Ninachojua ni kwamba ajira mpya hutegemewa kukaa kituoni miaka mitatu ya kwanza kabla ya kuomba uhamisho, na kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika ukishafikia hapo. Kakonko si mwisho wa dunia, barabara ya Kasulu na Kibondo si ile ya zamani. Ukipanga kwenda masomoni mapema, huenda hata hiyo miaka mitatu isiishie Kakonko yote. Wapo wanandoa wanaopanga watoto wabaki na baba mpaka mwisho wa muhula, kisha wanaangalia. Usihame na kila kitu mwezi wa kwanza, mshahara wa kwanza huchelewa mpaka cheki namba, yaani namba yako ya utumishi kwenye mfumo wa mishahara, itoke, na fedha ya kujikimu haitoshi kuhamisha nyumba.

Na ukishapata hiyo cheki namba watakuja maafisa mikopo, wengine mpaka mlangoni mwa maabara. Sheria inataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara, nao watakupigia hesabu mpaka kwenye shilingi ya mwisho ya hiyo theluthi. Mkopo wa mwaka wa kwanza ndio unaoua shahada. Wa kausha damu, ule wa riba kubwa ya mitaani, usiuguse kabisa.

Bosi wako muage vizuri. Andika barua ya notisi, na kama siku za kuripoti hazitoshi kumaliza notisi yote, mweleze ana kwa ana, mkubaliane kwa maandishi. Usijaribu kuwa Kakonko kwenye karatasi na Mwanga kwenye benchi, mjini hapo kila mtu anamjua mwenzake. Mwombe hati ya utumishi, ni haki yako kisheria, na mwombe aongeze barua inayotaja mashine ulizozitumia na vipimo ulivyokuwa unasimamia. Leseni yako ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kama inakaribia kuisha, ihuishe ukiwa bado Kigoma mjini, na vyeti halisi uvibebe mwenyewe kwenye begi la mkononi, usiviweke kwenye buti la basi.